Funda Moja la Pombe ya Matanga

Matonya hakuwa mlevi. Hilo tuliweke wazi kabla ya lolote, maana mpaka leo ukimtaja kwao, huko kusini ya Dodoma, hakosi mtu wa kudakia: "Ah, yule aliyefukuzwa shule kwa pombe!" Tena atalisema kwa kujiamini, utadhani yeye ndiye aliyemshikia kibuyu. Uongo mtupu. Matonya alikuwa mtu wa ng'ombe na jembe, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusimama katikati ya njia akiwaza mpaka ng'ombe wakamwacha. Watu walimpenda na kumcheka kwa pamoja. Aliyepata barua kutoka kwa mwanawe wa kazi ya reli alimpelekea Matonya amsomee. Kusoma alijua barabara. Alikosa kidogo tu kuwa mwalimu, na hicho kidogo chenyewe hakukielewa mpaka anaota mvi.

Enzi hizo nchi ilikuwa ya Mdachi. Reli ilikwisha pita Dodoma ikielekea Tabora, na jumbe alikuwa akizunguka na askari kudai kodi. Asiye na kodi aliilipa kwa mgongo wake, kwa kuchimba barabara juani. Basi mama yake Matonya alipoona mwanawe kaingia shule ya misheni, ile ya kufundisha walimu, alijiona kaukata. Mwanafunzi wa misheni hata jumbe alikuwa akimsemesha kwa adabu. Kule korongoni, wanawake wanakochimba maji mchangani, mama yule hakuwa na hadithi nyingine. "Mwanangu anakuwa mwalimu," asubuhi. "Mwanangu anakuwa mwalimu," jioni. Wenzake walichoka naye, wakawa wanachota maji haraka haraka waondoke.

Shuleni hawakumwita Matonya. Walimbatiza Methusela, naye akalizoea jina, ingawa ukimwita ghafla aligeuka kwanza kumtazama mtu mwingine. Wanafunzi walikuwa watu wazima, wengine wana ndevu na wachumba. Walisoma, walilima shamba la shule, waliimba, na juu ya yote hayo kulikuwa na sheria moja iliyokuwa ikisomwa kila mwanzo wa juma: mwanafunzi hanywi pombe. Si ndani ya ua wa shule wala nje yake, si sikukuu wala msiba. Atakayekunywa atasimama mbele ya baraza. Akikiri na kutubu, atanyimwa meza ya Bwana kanisani kwa muda, atapewa kazi ngumu, kisha atarudi darasani. Akikiri na asitubu, atafunga mzigo wake aende.

Baba yake Matonya alifariki wakati wa mavuno. Mzungu mkuu wa shule, waliyemwita Bwana tu, alimpa ruhusa aende akamalize matanga. Alikuwa mtu mwema Bwana yule, mwenye Kiswahili cha vitabuni na miguu mirefu isiyojua ikae wapi chini ya meza. Akamshika mkono mlangoni.

"Methusela," akamwambia, "huko uendako ukumbuke wewe ni nani."

Matonya akaitika ndiyo, Bwana. Lakini alitembea njia nzima akijiuliza swali hilo, maana kule alikokuwa akienda Methusela hayupo.

Sasa sikilizeni desturi yenyewe, kwani hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwao, pombe ya kumaliza matanga haiguswi na mgeni mpaka mwenye nyumba ameifungua. Anajaziwa kibuyu, anasimama mahali pa wote kumwona, anapiga funda la kwanza, ndipo wageni wanapokea. Sababu yake kila mtu anaijua na hakuna anayeitamka. Mwenye nyumba asiyeinywa pombe yake mwenyewe ametia kitu ndani yake. Baba yake Matonya alifungua pombe nyingi maishani, na Matonya alimwona tangu angali mtoto wa kuchunga ndama. Alikuja nyumbani amejiandaa kwa kila kitu. Alijua atakavyokataa akikaribishwa, alijua atakachowaambia wajomba, alikwisha chagua hata pa kukaa mbali na mitungi. Jambo moja tu halikumpitia kichwani, kwamba baba amekufa na mwenye nyumba ni yeye.

Akamwona mama anakuja na kibuyu kimejaa mpaka povu linamwagika vidoleni. Ua mzima wa tembe ulikuwa umejaa watu, wazee mbele, wanawake ukutani. Mama akapiga goti, akampa.

"Fungua, baba," akasema, kwa kuwa siku hiyo mwanawe ndiye aliyesimama mahali pa baba.

Akatazama kibuyu, akatazama watu. Kurudisha hawezi, kwani nani aliyeipika pombe ile kama si mama yake, anayepiga goti mbele yake? Kurudisha kibuyu ni kumwambia kila mtu pale kwamba mama ni mchawi. Na kunywa je? Kule shuleni sheria iko palepale. Akili ikamwambia, tia mdomoni, usimeze, zunguka nyuma ya tembe kama mtu anayetazama ndama, uteme. Akaona ni shauri jema. Akainua kibuyu, akatia funda moja, tena kubwa, shavu likamtutumka. Watu wakaguna kwa furaha. Akageuka kuondoka.

"Mbukwa!"

Alikuwa mzee Chilongani, mdogo wake baba, amesimama mbele yake na fimbo. Tangu Matonya azaliwe, mzee yule hakuwahi kumtangulizia salamu. Mtoto ndiye huanza. Leo anamsalimu yeye kwanza, mbele za watu, kama mtu anavyomsalimu mwenye nyumba. Jamani, salamu ya namna hiyo utaiacha inaning'inia?

"Mbukwa!" Matonya akaitika.

Na alipokwisha kuitika, kinywa kilikuwa kitupu. Pombe ilikwenda wapi? Hapo ndipo penye kazi. Kidevu kilikuwa kimelowa, hilo alilihisi. Shuka kifuani nalo lilikuwa na unyevu kidogo. Lakini funda lilikuwa kubwa kuliko unyevu ule. Kama alimeza, alimeza lini? Hakumbuki koo likisogea. Alisimama pale, mzee anamuuliza habari za safari, naye anajibu njema, njema, huku akijipapasa shingo. Wageni wakanywa, wakaimba, wakalia kidogo, matanga yakaisha. Akarudi shuleni bila kumwambia mtu, kwani angemwambia nini?

Labda yangeishia hapo. Lakini baada ya siku chache mzee Chilongani akashikwa na tumbo. Lilimkamata vibaya, akawa halali, hali, anajikunja tu mkekani. Wanawe wakaanza kuulizana alikula wapi, alikunywa wapi. Macho yakageukia ile pombe, na kwa aliyeipika. Mama Matonya akienda korongoni, wenzake wananyanyuka kimya na mitungi yao mitupu. Yule mama aliyekuwa hamalizi kusema akawa hana wa kumwambia neno.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza kijijini. Wenye huruma wakasema, mnamwonea bure, mwanawe si aliinywa kwanza mbele yetu? Wana wa Chilongani wakasema, alitia mdomoni tu, nani aliyeona akimeza? Yule ni mtu wa misheni, wale hawanywi, alikwenda akatema. Na ubishi huo ukamfikia mzee Bartolomayo, mhubiri wa kijiji cha pili, ambaye alikuwa pia mzee wa baraza la shule. Bartolomayo alikuwa mtu wa haki, wa haki kupita kiasi, wa kuitafuta hata mahali ambapo haikuhitajika. Aliposikia tu kwamba mwanafunzi alitia pombe mdomoni, akashika fimbo yake akaenda kumwarifu Bwana.

Baraza likakaa darasani. Bwana mezani, Bartolomayo na wazee wenzake kwenye benchi, wanafunzi nyuma wamebanana. Siku ile mashitaka yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la Filipo, kijana mcheshi, mwenye sauti nzuri kuliko wote, aliyeokotwa karibu na stesheni ya Dodoma akiwa hajitambui, kiatu kimoja mguuni na kingine hakijulikani kiliko.

"Ulikunywa?" Bwana akauliza.

"Nilikunywa, Bwana! Nilikunywa sana!" Filipo akapiga magoti kwa kishindo. "Natubu! Mimi ni mwenye dhambi, natubu kwa moyo wangu wote!" Na machozi yakamtoka, mengi, ya kweli kabisa. Haikuwa mara yake ya kwanza kutubu, alikuwa na mazoezi. Bwana mwenyewe akapenga kamasi kwa uchungu. Filipo akapewa kazi ya kukandika upya dari za mabweni, akainuka amepona.

"Methusela."

Matonya akatazama nyuma, kisha akakumbuka, akasimama.

"Ulikunywa pombe nyumbani kwenu?"

"Sijui, Bwana."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Bwana hakucheka. Akauliza tena polepole, akidhani Kiswahili chake ndicho kilichokosea. Matonya naye akajibu tena polepole, kwa heshima zote, kwamba hajui. Akasimulia kibuyu, salamu, kidevu. Kadiri alivyosimulia ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjana.

"Lakini mtu anajua kama amekunywa," Bwana akasema.

"Ndivyo nilivyodhani na mimi, Bwana."

Mzee mmoja akasema jambo lenyewe lilitokea mbali, kwenye ua wa watu, na sheria ya shule ina ua wake. Kwa nini imfuate mtu mpaka kwenye kaburi la baba yake? Mwingine akamjibu, ubatizo haubaki shuleni mtu akienda kwao, na sheria vilevile. Wakavutana. Bwana akawa anamtazama huyu, anamtazama yule, anafuta miwani. Mwisho akasema Methusela aende akatafakari, baraza lijalo alete neno moja, ndiyo au siyo.

Masikini Matonya! Alitafakari mpaka kichwa kikamuuma. Alijaribu hata kwa maji, akajaza kinywa kisimani, akasema "mbukwa" kwa nguvu ili aone maji yatakwenda wapi. Mara moja yalimwagika. Mara ya pili yalishuka. Waliomwona wakadhani kachanganyikiwa, na hawakuwa mbali sana na ukweli.

"Wewe nawe unajisumbua," Filipo akamwambia kutoka juu ya dari, udongo umemjaa mikononi. "Hapa hawaulizi ulichofanya. Wanauliza kama unasikitika. Sema ndiyo, natubu, toa chozi, yamekwisha. Mimi nilikunywa mtungi mzima niko hapa, wewe funda moja utafukuzwa?"

Matonya akaona maneno hayo yana akili kuliko yote aliyoyasikia. Akakata shauri kufanya hivyo hivyo. Akalala usingizi mzuri.

Kesho yake Bartolomayo akamfuata shambani, akamvuta pembeni, uso umemsawijika.

"Mwanangu, si vema nikufiche," akasema. "Chilongani bado hajainuka. Wanawe wamesema mama yako atahama kijiji. Jumbe naye yuko upande wao. Wazee wa kijiji wamewazuia kwa neno moja tu, wamesema tungoje kule shuleni aulizwe, maana mbele ya baraza la Mungu hatasema uongo. Wamenituma mimi niwapelekee jibu. Ukisema ulimeza, basi, mama yako hana neno, kinywa cha mwenye nyumba kilitangulia na tumbo lako ni zima. Ukisema hukumeza..." Akaikita fimbo yake chini. "Mimi nitasema nitakachosikia. Sitaongeza wala kupunguza."

"Basi nitasema nilimeza, na nitatubu," Matonya akasema haraka.

Bartolomayo akamtazama kwa huruma. "Kutubu ni nini, mwanangu? Tumewafundisha nini hapa?"

Matonya akakumbuka. Walifundishwa. Kutubu ni kusema mbele ya watu na mbele ya Mungu, laiti nisingalifanya, na ningalirudishwa pale pale nisingalifanya tena. Na Bartolomayo atalipeleka hilo nalo kijijini, haongezi wala hapunguzi. Mwana amesema laiti asingalimeza pombe ya mama yake. Mwana amesema akipewa tena ataitema. Wana wa Chilongani watataka ushahidi gani mwingine? Akamuuliza mzee, sasa nifanye nini? Bartolomayo akasema hajui, na ndiyo mara pekee Matonya alimsikia akisema hajui.

Baraza likakaa tena. Darasa lilijaa mpaka madirishani, si kwa jingine ila kumsikia mtu asiyejua kama amekunywa.

"Methusela, ulikunywa?"

Bado hakujua. Mpaka anasimama pale hakujua. Lakini alimwona Bartolomayo ameinamisha kichwa na kutega sikio, na nyuma ya sikio lile akaona ua wa tembe la kwao na mama amepiga goti.

"Nilimeza, Bwana," akasema kwa sauti. "Funda zima. Pombe ya mama yangu, niliimeza."

Minong'ono ikapita darasani. Bwana akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akatabasamu hata.

"Vema. Umesema kweli. Na sasa unatubu?"

Filipo, kule nyuma, akawa anamkonyeza, anajishika macho kumwonyesha kulia. Matonya akamtazama Bwana.

"Siwezi, Bwana."

"Huwezi kwa nini? Ulifanya kosa."

"Nilifanya kosa. Lakini nikirudishwa pale, mama akinipa kibuyu, nitakipokea."

Bwana akajaribu. Ukweli lazima usemwe, alijaribu sana. Alimuuliza kwa njia hii na ile, alimpa maneno mdomoni ili ayarudie tu, hata akasimama akamwekea mkono begani. Macho yake yalikuwa yakimsihi. Hakuelewa inakuwaje mlevi wa stesheni alie machozi, na huyu mwema, wa kwanza darasani, awe na moyo wa jiwe. Naye Matonya alishindwa kumweleza. Angesema ni kwa ajili ya mama yake, Bartolomayo angelipeleka na hilo, kwamba hata kule kusema alimeza ni kwa kumwokoa mama tu. Basi akanyamaza. Sheria ilikuwa imeandikwa, na wazee walikuwa wanatazama. Bwana akakaa, akavua miwani, akasema Methusela afunge mzigo wake.

Kumbe Bartolomayo alikuwa amekwisha ondoka. Alipitia mlango wa nyuma mara tu aliposikia "natubu" imekosekana na "nitakipokea" imesemwa, akashika njia karibu akimbie, mzee mzima.

Matonya alifika kwao siku ya pili mchana, sanduku kichwani. Kwa mbali akasikia vigelegele. Wanawake walikuwa wamejaa ua wa mama yake, wale wale wa korongoni, wamemletea unga, wamemletea kuni, wanaongea wote kwa mpigo. Wana wa Chilongani walikuwa wamekuja asubuhi na kondoo wa kuomba radhi. Chilongani mwenyewe alikuwa ameanza kunywa uji. Matonya akaingia, wakampokea kwa shangwe, wakamtua sanduku, mmoja akasema, "Mwana kama huyu azaliwe kila nyumba!"

Mama hakupiga kigelegele. Alilitazama lile sanduku. Akalifungua, akaona kitabu, shati, kalamu, blanketi la shule halimo. Akalifunga. Akangoja mpaka majirani wametoka wote, mmoja mmoja, na pongezi zao.

"Wamekufukuza," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa sababu ya kusema ulimeza."

"Na kwa sababu sikutubu."

Mama akakaa chini pale pale mlangoni. Matonya akamwona anazeeka mbele yake. Akachuchumaa, akamshika mikono, akamwambia yamekwisha sasa, hakuna atakayemwita mchawi tena, atachota maji na wenzake.

"Nani alikuambia mimi nataka kuchota maji na wenzangu?" mama akasema. "Mimi ni mzee, Matonya. Wangeniita mchawi ningehamia kwa dada yangu, ningekufa huko, ningezikwa, basi. Mchawi mwenye mwana mwalimu. Sasa mimi ni mwema, na wewe ni nini?"

Matonya alikaa amemshika mikono vile vile, hajui aiachie au aendelee kuishika. Jioni jumbe akapita na askari wake, akasimama nje ya ua. Safari hii hakubisha hodi. Akauliza kama ni kweli yule kijana wa misheni amerudi moja kwa moja, maana kuna barabara ya kuchimba.